Hotuba ya Ufunguzi wa Kituo cha Kengele za Uongo, Voi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, ambaye hakuweza kufika lakini amemtuma msaidizi wake, ambaye naye hakuweza kufika lakini amemtuma dereva. Ndugu Dereva, karibu sana, kaa mbele. Chifu na Naibu wa Chifu. Wachungaji na Maimamu. Mwalimu Lois, Mwenyekiti wa Kamati ya Orodha ya Programu za Shule, ambaye ameshatazama saa mara mbili kabla sijamaliza kumtaja. Wazee wa Ronge mlioteremka na sweta zenu kwenye jua hili la Voi. Wafanyabiashara wa Taveta mliofunga maduka. Akina mama wa Kasigau mlioondoka Rukanga alfajiri kwa ile barabara ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu mimi nikiwa na meno yote. Fundi Sylus, mtaalamu wa mitambo. Bwana Musyimi, mwenye saiba. Bwana Mulei, Mlinzi Mkuu wa Kizuizi. Mke wangu Rachel, Mlinzi Mkuu wa Dawa Zangu. Mabibi na mabwana: itifaki yote imezingatiwa, na ile ambayo haikuzingatiwa ihesabiwe kuwa imezingatiwa.

(Makofi. Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Na Eddah je?")

Nitafika hapo, mama. Kila jambo lina mahali pake katika ratiba.

Kwa wale wachache wasionijua, mimi ni Obadiah Mwashigadi, Mkurugenzi Mwanzilishi na sasa Mstaafu wa Idara ya Nidhamu ya Kompyuta, Ukanda wa Vilima na Nyanda, mtu ambaye kabla ya kuhamishiwa kwenye kompyuta alikuwa Afisa wa Mifugo kwa miaka ishirini na sita bila doa, isipokuwa lile la samadi. (Vicheko.) Mnaniona nimeketi katika kiti cha magurudumu na blanketi magotini. Msihuzunike. Daktari ameniambia nina wiki. Nilipomuuliza ni wiki ngapi alikohoa, na mimi, kama mtumishi wa umma aliyefuata utaratibu maisha yake yote, nikamwomba anipe jibu hilo kwa maandishi. (Vicheko. Rachel, mke wake: "Baba Donald, fupisha. Dawa ni saa kumi.") Naam, mama. Nafupisha.

Ndugu wananchi, hafla ya leo ni ya kihistoria, kwa maana kwamba itaingia katika historia, na historia, kama tulivyokubaliana katika kikao cha public participation kilichohudhuriwa na mimi na katibu muhtasi, ni stakeholder mkubwa wa maendeleo. Nyuma yangu mnaona pazia la buluu. Nyuma ya pazia hilo kuna mlango. Na nyuma ya mlango huo, kwa mujibu wa ripoti kumi na sita za robo mwaka nilizoziandika na kuzitia sahihi kwa mkono huu, kuna Kituo Maalumu cha Kushughulikia Kengele za Uongo za Antivirusi dhidi ya Michezo Halali ya Kompyuta, jina ambalo hata likifupishwa linabaki refu, kwa hiyo tutaliita Kituo. (Makofi.)

Katika miaka yake minne Kituo hiki kimepokea malalamiko elfu moja mia tatu na kumi na mawili, kimeajiri wataalamu wanane, kimefanya benchmarking, kimetengeneza roadmap, na hiyo roadmap imetengenezewa framework ili isipotee njia. Kimesuluhisha asilimia mia moja na nne ya malalamiko yote.

(Musyimi, mwenye saiba: "Mzee, hizo nne za juu zimetoka wapi?")

Hizo, Bwana Musyimi, ni za malalamiko ambayo bado hayajaletwa. Tulikuwa tunafanya kazi kwa kutazama mbele. (Vicheko na makofi.)

Sasa, kwa kuwa hapa tuko na wazee ambao kompyuta wameiona kwa mbali, niruhusuni nieleze kengele ya uongo ni kitu gani. Antivirusi ni askari anayekaa ndani ya kompyuta. Faili ikiingia, yeye huipekua. Lakini askari huyu hana akili ya kumjua mtu. Ana picha za wezi wa zamani, na ana orodha ya tabia za wezi. Akimwona mgeni ambaye hana barua ya utambulisho, amejikunja ndani ya koti, anatega sikio mlangoni, atapuliza kipenga, hata kama mgeni mwenyewe ni mkunga aliyeitwa. Wakati mwingine ni mwizi kweli. Wakati mwingine ni mkunga. Kazi ya mwenye nyumba ni kuwasha taa na kuangalia.

Mimi sikuwasha taa. Lakini hapo pia nitafika.

(Mwalimu Lois: "Mzee, kwa heshima, orodha ya shule inafungwa saa kumi na moja kamili. Baada ya hapo nafunga faili naituma.")

Nimesikia, Mwalimu. Na wananchi wamesikia. Shule kumi na mbili za msingi na maktaba ya Voi zitapokea michezo itakayokuwa katika orodha ya Mwalimu Lois, na usiokuwa humo utangoja miaka mingine mitatu. Mchezo mmoja uko pembeni ya meza yake, haumo na haujatupwa, kwa sababu una notisi ya karantini juu yake. Na karantini, kwa utaratibu tuliourithi kutoka kwenye mifugo, huondolewa na afisa yule yule aliyeiweka. Akistaafu, hufuatwa nyumbani. Akifa, karantini hubaki milele.

(Rachel: "Kunywa maji.")

Asante. Sasa nirudi nyuma miaka minne, katika saiba ya Bwana Musyimi, ile nyumba yake ya kompyuta za kukodisha, karibu na stendi.

Alikuja pale msichana wa Kasigau na flashi. Alikuwa ametengeneza gemu iitwayo Zamu ya Shamba. Aliitengeneza peke yake, miaka miwili, kwenye laptopu yenye kioo kilichopasuka, akichaji kwa sola ya jirani. Katika gemu hiyo wewe uko shambani chini ya mlima, mahindi yamekomaa, na ndovu wanakuja. Una debe na rungu lake. Una mizinga ya nyuki kwenye uzio. Una pilipili na kinyesi cha ng'ombe cha kuchoma ili moshi uwafukuze. Huna bunduki. Ukilala, umeliwa. Akina mama wa Kasigau, nyinyi mnajua mchezo huo bila kompyuta. (Akina mama: "Tunaujua!" "Juzi walimaliza ndizi zangu!") 

Bwana Musyimi akachomeka flashi, akabofya, na kioo kikawa chekundu. Antivirusi ikasema: hatari. Kwa nini ilisema hatari? Fundi Sylus alinieleza baadaye na nitawaeleza alivyonieleza. Gemu ilikuwa mpya, hakuna kompyuta nyingine duniani iliyowahi kuiona. Haikuwa na ile sahihi ya kidijitali ambayo makampuni makubwa huweka kwenye programu zao. Msichana alikuwa ameibana sana ili ienee kwenye flashi ndogo, na virusi navyo hupenda kujibana. Na zaidi ya yote, gemu ilikuwa inasikiliza kibodi wakati wote, kwa sababu kila ukigonga kibonye kile kirefu cha chini, debe linalia. Askari wetu akaona mgeni mpya, hana barua, amejikunja, anatega sikio kwenye kibodi. Akapuliza kipenga. Simlaumu askari.

Bwana Musyimi alinipigia simu. Mimi nilifika na gambuti.

(Vicheko. Musyimi: "Na koti jeupe, Mzee! Sema na koti!")

Na koti jeupe, ni kweli. Sasa naomba mnielewe. Nilikuwa na miezi mitano tu katika Idara ya Kompyuta. Nilikuwa nimehamishwa kutoka mifugo kwa barua ya mistari miwili, na hakuna aliyenionyesha hata pa kuwashia kompyuta. Nikatazama kile kioo, na katikati ya Kiingereza chote kile nikaona neno moja ninalolijua kuliko jina langu. Karantini. Kompyuta ilisema imeiweka faili hiyo karantini. Ndugu zangu, moyo wangu ulitulia kama wa mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini. Nikasema, kumbe kazi ni ile ile!

Nikafunga saiba siku ishirini na moja. Nikaagiza kompyuta zitenganishwe mita tatu tatu ili zisipumuliane. (Vicheko.) Nikatangaza Kasigau yote kuwa eneo lenye maambukizi, na flashi yoyote isitoke kule bila kibali cha kusafirishia. Nikaweka kizuizi Maungu, pale barabara ya Kasigau inapokutana na ile kubwa, na Bwana Mulei akakisimamia kwa uaminifu ambao nchi hii haijawahi kuulipa. Simama, Mulei, watu wakuone.

(Mulei anasimama na kupiga saluti. Makofi. Sauti ya mwanamke: "Huyo alinipekua mpaka kwenye fundo la leso!")

(Mulei: "Mama, ulikuwa na flashi kweli!")

(Sauti: "Ilikuwa na picha za matanga ya mume wangu!")

Mbuzi walipita. Ng'ombe wasio na chanjo walipita. Pikipiki zenye makaa zilipita. Flashi hazikupita. Na zile zilizopita, zilipita kwa utaratibu wa josho.

(Vicheko vinaanza upande wa wazee.)

Mnacheka. Chekeni, ni haki yenu. Pale kizuizini niliweka ndoo ya dawa ya kupe, kwa kipimo sahihi kabisa, kama cha ng'ombe. Niliagiza kila flashi inayotoka Kasigau ichovywe mara moja, itikiswe, ianikwe kivulini. Takwimu zinaonyesha kwamba tulichovya flashi arubaini na tatu, na hadi leo hakuna hata moja iliyopatikana na kupe. (Vicheko vikubwa, makofi, watu wanapiga viti.)

Ya arubaini na nne sikuiandika katika takwimu. Ilikuwa ya yule msichana. Alikuwa anarudi Voi kuomba kompyuta nyingine imsomee kazi yake, na aliposimamishwa alimwambia Mulei maneno ambayo Mulei aliniletea ofisini kwa uso wa mtu aliyekanyaga kuku. Yaseme, Mulei.

(Mulei: "Alisema, 'Kaka, hiyo ndiyo imebaki. Ile ya kwenye laptopu wameshaifuta.'")

Na nani alikuwa ameifuta ile ya kwenye laptopu?

(Mulei: "Ni... ofisi, Mzee.")

Ofisi haina vidole, Mulei. Ni mimi. Laptopu yake niliifungua kwa mkono wangu, antivirusi ikaniuliza kwa adabu: nirudishe, niache hapa, au nifute? Mimi nikakumbuka ugonjwa wa miguu na midomo, jinsi tulivyokuwa tukizika mizoga kwa chokaa, nikabonyeza futa. Kisha wewe ukachovya flashi, kwa amri yangu. Miaka miwili ya mtoto wa watu ikaisha kati ya kidole changu na ndoo yangu.

(Mulei anaketi.)

Ukurasa unaofuata wa hotuba hii unasema: "Hatua hizo madhubuti zilizuia janga." Nimeuandika mwenyewe. Naomba tuuruke ukurasa huo.

(Karatasi zinasikika. Rachel: "Uruke na wa saba pia.") Na wa saba pia.

Kosa la mtu asiyejua linasameheka, na kama ningekuja leo kuungama ujinga tu, ningebaki kitandani. Sikuwa mjinga kwa muda mrefu hivyo. Siku ya tisa ya karantini, Fundi Sylus alikuja ofisini. Alikuwa na nakala ya ile faili, iliyobaki imefungiwa ndani ya kompyuta ya Bwana Musyimi, na badala ya kuizika alikuwa amefanya ambacho hakuna mtu katika Idara yangu aliyekuwa amekifikiria. Aliwaandikia walioitengeneza hiyo antivirusi. Akawapelekea faili, akawaambia, tunadhani mmekosea, angalieni tena. Sylus, ilichukua muda gani wakujibu?

(Sylus: "Siku tatu, Mzee.")

Siku tatu! Na walisemaje?

(Sylus: "Walisema faili ni safi. Wakasema wamerekebisha orodha yao, na wakaomba radhi kwa usumbufu.")

Wakaomba radhi kwa usumbufu. Watu wasiojua Kasigau iko wapi. Sylus alinieleza pale pale, na nilimwelewa mara moja, nanyi mnajua kwa nini nilimwelewa? Ng'ombe aliyechanjwa ugonjwa wa kutupa mimba, ukimpima damu, kipimo kinaweza kusema mgonjwa. Siyo mgonjwa. Ni alama ya chanjo tu. Kila afisa wa mifugo anajifunza hivyo mwaka wa kwanza: kipimo kikisema mgonjwa, usichukue kisu, uliza historia ya mnyama, mpigie simu mwenye mnyama, pima tena kwa njia nyingine. Mimi niliwahi kuokoa ng'ombe sitini pale ranchini kwa kukataa kukiamini kipimo. Walinipa cheti. Kwa hiyo katika Taita Taveta nzima, mlimani na nyikani, kama kulikuwa na mtu mmoja aliyepaswa kujua, ni mimi.

Nilichukua jibu lile nikaliweka kwenye droo. Nikafunga droo kwa ufunguo.

(Sauti ya mzee: "Kwa nini, Obadiah?")

Kwa sababu, mzee mwenzangu, nilikuwa nimeshahojiwa redioni. Nilikuwa nimesema nimelikomboa eneo. Kutoka redioni hadi kusema "nilikosea" kuna mteremko mkali, na mimi niliogopa magoti yangu. Sylus nilimhamishia Taveta. (Sylus: "Kuhesabu nyaya za simu, Mzee.") Kuhesabu nyaya za simu. Na ili ionekane kwamba jambo linachunguzwa, nikaandika barua ya kuanzisha Kituo.

Mwenzangu, Bwana Musyimi, na wewe usicheke sana, maana nawe una lako. Ulipoona siku ishirini na moja za kufungwa kwa saiba zimeisha, ukasema antivirusi ni upuuzi, ukazizima zote. Kisha ukaingiza gemu za mpira zilizonakiliwa kwa wizi, na kikaingia kirusi cha kweli.

(Musyimi: "Mzee, hiyo ilishasahaulika!")

(Sauti: "Kwaya haijasahau!")

Kwaya haijasahau. Nyimbo zao zote za Krismasi zilizokuwa kwenye kompyuta zako ziligeuka alama za mshangao, na ile nakala ya gemu ikapotea nazo. Kwa hiyo wananchi, msitoke hapa mkasema Mzee Obadiah ameruhusu kuzima askari. Askari abaki kazini. Gemu chukua kwa mwenyewe aliyeitengeneza, kipenga kikilia usifute na usizime, uliza, pima mahali pengine, waandikie wenye askari, na ukishahakikisha mruhusu huyo mgeni mmoja tu kwa jina lake, usivunje ukuta mzima. Hayo ndiyo mafunzo yote ambayo Kituo kingetoa. Yanaingia kwenye kipande cha karatasi cha kufungia maandazi.

(Mwalimu Lois: "Mzee, ni saa kumi na nusu.")

Nakuja, Mwalimu. Nimebakiza mtu mmoja.

Yule msichana hakukaa kulia. Alirudi Kasigau akaanza upya, kutoka kichwani, na hiyo ya pili ndiyo iliyo pembeni ya meza ya Mwalimu Lois. Na kwa kuwa nilikuwa nimetangaza kwamba kuna Kituo, alikiandikia Kituo. Barua ya kwanza ilikuwa na adabu. Ilifika kwangu, maana sanduku la posta la Kituo ni sanduku langu. Nikaijibu. Nikaweka jina la karani, nikaandika, Bi. Cynthia, Dawati la Malalamiko: suala lako linashughulikiwa. Akaandika tena. Cynthia akajibu tena. Barua kumi na moja katika miaka minne. Mara moja nilichelewa, nikamwandikia kwamba Cynthia alikuwa na kifua. Katika barua iliyofuata hakuuliza habari za gemu hata kidogo mpaka mstari wa sita. Mistari mitano ya kwanza aliuliza kama kifua kimepona, na akaeleza namna ya kuchanganya asali na tangawizi.

Kifua kilikuwa changu. Asali na tangawizi nilikunywa. Ilisaidia.

(Mwanamke kijana anasimama katikati ya watu, ana chupa mikononi. Ni Eddah. "Mzee... kwani Cynthia hayuko?")

Umeleta nini, mwanangu?

(Eddah: "Asali yake. Ya mizinga ya uzio. Nilidhani leo nitamwona.")

(Rachel: "Mwambie, Baba Donald. Usisome. Mwambie.")

Wananchi, kabla sijamjibu, ratiba inanidai kaulimbiu, na hizi nilimwahidi Chifu. Tuziseme haraka. Kompyuta, hoyee! (Umati, polepole: "Hoyee.") Kuuliza kwanza! ("Kufuta baadaye!") Kipenga si hukumu! ("Si hukumu!") Asanteni.

Sasa shukrani. Namshukuru Mheshimiwa aliyemtuma msaidizi aliyemtuma dereva. Nawashukuru waliopiga hema. Nawashukuru wataalamu wanane wa Kituo, ambao hawajawahi kuzaliwa. Naishukuru roadmap, na framework yake, ambazo sikuwahi kuziona. Namshukuru kwa namna ya pekee Bi. Cynthia wa Dawati la Malalamiko, mfanyakazi mwema kuliko wote niliowahi kuwa nao, ambaye ni mimi. Na nawashukuru nyinyi nyote kwa kuja kwa wingi kufungua Kituo ambacho hakipo, hakikuwapo, na ambacho kilibuniwa ili nisiseme neno moja. Mulei, vuta pazia.

(Mulei anavuta pazia. Nyuma yake kuna mlango wa bati wenye kufuli. Mulei anafungua. Ndani kuna pipa la dawa ya kupe, ngazi iliyovunjika na mbuzi aliyelala. Mbuzi anainuka, anatazama umati, anatoka. Vicheko vinaanza, vinasita, vinaanza tena.)

Yule ndiye mtaalamu wa tisa. (Vicheko.)

Sasa itifaki, niirudie kama ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Mheshimiwa Eddah Mkawasi wa Rukanga, Kasigau, mtengenezaji wa Zamu ya Shamba, mara ya kwanza na mara ya pili. Wengine wote baada yako. Sikukutaja kwa kuwa niliona haya kulitamka jina lako kwa sauti ile ile niliyotumia redioni. Gemu yako haikuwa na virusi. Nilijua siku ya tisa. Barua ya ushahidi hii hapa, chini ya blanketi, ishike wewe. Isome wewe, siyo mimi. Antivirusi ilikiri kosa baada ya siku tatu. Mimi nilihitaji miaka minne na daktari anayekohoa.

(Eddah anasogea mbele. Anasoma barua. Kisha: "Mzee, ulinifuta mara mbili. Na bado ukanijibu barua.")

Ndiyo.

(Eddah: "Ningejua ni wewe nisingekueleza dawa ya kifua.")

Ungenieleza. Ndiyo sababu sikulala. Usinisamehe leo, mwanangu, hakuna haraka upande wako. Upande wangu ipo, na ya Mwalimu ni kubwa zaidi. Mwalimu Lois, saa ngapi?

(Mwalimu Lois: "Saa kumi na dakika arubaini na nane. Nataka barua ya kuondoa karantini, sahihi ya afisa aliyeiweka, na mhuri.")

Barua hii hapa. Aliichapa Sylus. Kalamu, Rachel. Nishike kiwiko. Mkono huu ulikuwa unasaini vibali mia kwa siku, leo unaandika kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Ob... Obadiah... Mwashigadi. Imeisha. Ni sahihi mbaya, lakini ni ya kweli.

(Mwalimu Lois: "Mhuri, Mzee.")

Mhuri. (Anapapasa chini ya blanketi.) Mhuri wa Idara niliurudisha nilipostaafu.

(Minong'ono. Musyimi: "Dakika kumi, Mzee!" Mulei anaondoka mbio kuelekea mlango wa bati. Vitu vinaanguka ndani. Anarudi na kisanduku cha wino na mhuri wenye vumbi.)

(Mulei: "Kuna huu tu, Mzee. Ule wa Maungu wa zamani. Wa mifugo.")

Usome, Mulei. Kwa sauti, wananchi wasikie.

(Mulei: "'Mnyama huyu amekaguliwa na hana ugonjwa. Aruhusiwe kupita.'")

(Vicheko. Wote wanamtazama Mwalimu Lois.)

Mwalimu, sina mwingine. Na baada ya mimi hakutakuwa na wa kutafuta.

(Mwalimu Lois anavua miwani, anaifuta, anaivaa. "Masharti yanasema mhuri. Hayasemi wa nini. Piga, Mzee.")

Hapana. Mimi nilishapiga vya kutosha. Eddah, njoo upige mwenyewe. Bonyeza kwa nguvu, wino umekauka. Na hiyo asali iache hapo mezani, Cynthia bado anakohoa.

(Mhuri unapigwa. Mwalimu Lois anaandika jina moja katika orodha. Sylus anachomeka flashi mpya ya Eddah kwenye laptopu iliyo mezani. Kioo hakiwi chekundu. Eddah anaweka chupa ya asali mbele ya kiti cha magurudumu, kisha anageuza laptopu kumwelekea mzee na kumwonyesha kibonye kirefu cha chini. Rachel anamshika kiwiko. Mzee anagonga. Debe linalia, na akina mama wa Kasigau wanainuka.)